Nyundo, Sindano na Daftari la Mama Mizani

Hebu mfikirie anavyofika. Ni asubuhi, bucha imefunguliwa muda si mrefu, sakafu bado ina maji ya kudekia, na muuza nyama ananoa kisu huku akipiga mluzi. Mlangoni anasimama mama mmoja mfupi, mnene kiasi, kavaa viatu vya raba na koti la kijivu lenye mifuko minne, mkononi kashika sanduku la mbao lenye mpini wa shaba. Hajasema neno. Muuza nyama anainua macho, na mluzi unakatika katikati.

"Karibu, mama! Karibu sana. Yaani juzi tu nilikuwa nasema, huyu mama mbona kapotea?"

"Sijapotea, baba. Zima feni."

Feni inazimwa. Mama anafungua sanduku, na humo ndani mawe ya mizani yamelala juu ya kitambaa chekundu, makubwa kwa madogo, kama watoto waliopangwa kitandani. Anavaa glavu nyeupe ya pamba. Anaweka jiwe la kwanza juu ya mizani, anarudi nyuma hatua moja, anainua kidole. Maana ya kidole hicho inajulikana bucha zote za mtaa: asipumue mtu. Mteja akitaka kuingia anaambiwa, "Simama hapo hapo mlangoni, mwanangu, unaniletea upepo." Mshale wa mizani unatikisika, unatulia, anasoma kwa sauti, anaandika. Kisha anaanza upya. Mara kumi kwa kila jiwe, hata kama mara ya kwanza imetoa jibu zuri.

Hiyo ndiyo kazi yake, mkaguzi wa mizani, mwaka wa ishirini na sita sasa, na ndiyo iliyompa jina la Mama Mizani. Mumewe, fundi viatu, husema hata yeye hakukubaliwa kwa bahati. "Alikuja kunitazama siku tatu mbalimbali," huwaambia watu, "na siku zote tatu alinikuta vilevile. Ndipo akakubali."

Sasa mama huyu huyu, kila Jumamosi saa nane mchana, huvua koti, huvaa hedifoni, na kuwa mpiga mizinga katika chombo cha vita huko angani, kati ya nyota na nyota. Cheka tu. Yeye mwenyewe alicheka siku ya kwanza.

Ilikuwa hivi. Wana mtoto mmoja, binti, fundi wa lifti, na lifti ndefu ziko mji wa mbali, kwa hiyo binti akaenda huko. Kila Jumapili walikuwa wakipigiana simu. "Umekula?" "Nimekula." "Kazi?" "Nzuri." "Haya." "Haya, mama." Dakika nne, simu inakatwa, mama anabaki anaitazama kama mtu aliyeuziwa chupa tupu. Binti naye hakuridhika. Alipokuja likizo alileta kompyuta iliyotumika, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, akaingiza gemu la vita vya angani ambalo watu hucheza pamoja hata wakiwa mbalimbali. "Mama," akasema, "mimi na wewe tukikaa tuongee hatuongei. Tufanye kitu, maongezi yatakuja yenyewe."

Na kweli yalikuja. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo hujisahau. Kati ya kombora moja na jingine mama alisikia habari za jino lililouma wiki mbili, za msimamizi anayeandika ripoti asizozisoma, za chumba chenye dirisha lisilofunga, na za kijana mmoja ambaye hakutajwa jina ila alitajwa mara sita. Simu isingeyatoa hayo kwa mwaka mzima.

Wa tatu katika chombo chao ni wifi yake Mama Mizani, yaani mdogo wa mumewe, msusi, ambaye saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Mrefu, mwenye sauti, mikono yake haikosi mafuta ya nywele. Siku moja alipita sebuleni kuchukua taulo, akamkuta wifi yake anapigana na nyota, akasimama amcheke kidogo. Hakuondoka. Siku ya pili alikuja na kompyuta aliyoazima kwa mteja.

Chombo chenyewe kina viti vitatu. Kiti cha rubani ni cha binti, naye ndiye kapteni. Cha pili ni cha mpiga mizinga, anayekaa ubavuni kwa rubani. Cha tatu, cha msusi, ni cha fundi, anayekaa tumboni mwa chombo, akiziba matundu na kugawa umeme wakati wenzake wanapigana. Na juu ya chombo kuna nafasi ya mzinga mkubwa mmoja tu. Unachagua kabla ya pambano, na ukishaingia vitani umeingia nao.

Mizinga ya kuchagua ni mitatu. Majina yake ya kwenye gemu ni marefu na ya kutafuna ulimi, msusi akaibatiza upya. Nyundo hutupa donge la moto kubwa kama nyumba. Donge lenyewe huenda taratibu, na mzinga unahitaji kupumua kabla haujatupa jingine. Sindano hutoa mwali mwembamba wa buluu unaofika papo hapo, ila unachoma tu, haubomoi. Nyuki ni kundi la vikombora vidogo vinavyofuata joto la injini ya adui vyenyewe.

"Mama, ipi bora?" binti aliuliza mwezi wa kwanza. Aliuliza kama mtu anavyouliza hali ya hewa. Lakini swali kama hilo huliulizi kwa mkaguzi ukategemea jibu la juu juu.

Mama alitafuta pembe ya anga isiyopita mtu, akakuta jiwe kubwa kama kilima linaelea peke yake. Akasimamisha chombo mbele yake. Akazima injini. Akanyanyuka akazima na feni ya sebuleni, ingawa hakuna upepo wa sebuleni uliowahi kufika angani, mazoea tu. Akafungua daftari la mistari ya miraba, akaanza kupiga. Kila mzinga risasi mia.

Mumewe alichungulia akiwa na kiatu cha mtu mkononi. "Unagombana na nani?"

"Sigombani. Napima."

"Aa," akasema fundi viatu, akarudi kwenye kazi yake, akijua chai ya leo ataichemsha mwenyewe.

Majibu yalitoka safi. Nyuki hawakuliona jiwe kabisa, kwa kuwa jiwe halina joto, walizunguka wakapotea. Sindano ilipata mia kwa mia. Nyundo nayo mia kwa mia. Nyundo moja ilileta madhara sawa na Sindano nane, na muda ambao Nyundo hupiga mara moja, Sindano hupiga mara sita. Nane kwa sita. Mama akapiga mstari chini ya hesabu kwa rula, akaandika: *Nyundo.* Likawa limekwisha.

Wakaingia ligi na Nyundo. Wakapigwa. Wakaingia tena, wakapigwa. Donge la moto lilikuwa linaondoka kwa heshima zake zote, linapita angani kama bwana harusi, na likifika adui alishahama zamani. Mama aliamini kosa ni macho yake. Akaenda kupimwa, akarudi na miwani mipya, na Jumamosi iliyofuata wakapigwa mara ya tatu, safari hii akiona vizuri zaidi jinsi walivyokuwa wakipigwa.

Mumewe akapita. "Mmekufa tena?"

"Tumekufa," akasema msusi. "Tuletee maji."

Sauti ya binti ikaja kwenye hedifoni, ndogo kidogo kuliko kawaida. "Mama. Kuna timu imenitaka. Wale walio daraja la juu. Wanacheza Jumamosi saa hizi hizi."

"Timu nzuri?"

"Nzuri sana. Siwezi kuwa huku na kule, mama. Nimewaambia wanisubiri wiki moja. Jumamosi ijayo ndiyo pambano la mwisho la msimu, na mshindi wake hupanda hata kama alipigwa mengine yote. Tukishinda tunapanda daraja, nabaki na nyie, nitakuwa na sababu. Tusipopanda... nimechoka kupigwa, mama."

"Umesema kweli," mama akajibu, na wakaagana.

Alivua hedifoni, masikio yakiwa ya moto. Akafuta kioo cha kompyuta kwa pindo la kanga, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Wifi," akasema, "mtoto anaondoka."

"Si ameondoka mwaka wa tatu huu?"

"Anaondoka tena."

Msusi akazima kompyuta zote mbili.

Jumapili asubuhi Mama Mizani alikuwa tena mbele ya lile jiwe. Pengine alihesabu vibaya, alijiambia, na kosa la hesabu hutafutwa pale pale lilipofanyika. Msusi akaja na chanuo limechomekwa kichwani, akaegemea mlango.

"Wifi."

"Usinisemeshe, nahesabu."

"Hilo jiwe limekukosea nini?"

"Themanini na mbili. Nimesema nahesabu."

"Linakwenda wapi?"

"Nani?"

"Jiwe."

"Haliendi popote, wifi. Kinachopimwa lazima kitulie. Usipokituliza unapima upepo."

"Sawa. Na wale wanaotuua kila Jumamosi, huwa wanatulia?"

Kidole cha Mama Mizani kilikuwa juu ya kitufe. Kikabaki hapo hapo bila kubonyeza.

Usimwone mjinga. Mtu aliyefundishwa kuzima feni kwa miaka ishirini na sita huizima popote, hata pale ambapo feni ndiyo anayotakiwa kuipima. Alikaa akilitazama jiwe, jiwe nalo likimtazama. Mwisho akaanza kucheka, cheko la tumboni linalotikisa kiti, mpaka miwani mipya ikateleza puani.

"Nimepima gunia," akasema. "Wifi yangu, nimepima gunia la mchele na kulitolea cheti cha mbio!"

"Mimi sijawahi kupata kichwa kilichotulia," msusi akasema, akivuta kiti. "Huyu anapiga chafya, yule anacheka, mwingine anageuka kumwangalia anayepita nje. Nasuka hivyo hivyo. Mkono unajifunza kwenda na kichwa."

"Basi leo wewe ndiye kichwa. Ruka mbele yangu."

Kikaanza kipimo cha pili. Mazoezini kila mtu huweza kuwa na chombo chake, kwa hiyo msusi akarusha chake huku na kule, juu na chini, na wifi yake akampiga risasi mia za Nyundo, mia za Nyuki, mia za Sindano. Kila akilipuliwa anaanza upya, na kila akianza upya analalamika.

"Umeniua na chai yangu inapoa!"

"Kunywa haraka. Sitini na moja."

"Kaka! Njoo umwone mkeo anavyoniua!"

"Hayanihusu," ikajibu sauti ya fundi viatu kutoka uani. "Mlianza wenyewe."

Nyuki walidanganywa na cheche za moto ambazo kila chombo kinaweza kumwaga nyuma yake. Wakafukuza cheche kama wajinga. Nyundo ilipata mara tisa katika mia. Tisa! Sindano ilipata thelathini na nane. Na ukikumbuka kwamba Sindano hupiga mara sita Nyundo ikiwa bado inapumua, Sindano ilikuwa mbele zaidi ya mara tatu. Mama akapiga mstari kwa rula, akafuta neno la zamani, akaandika *Sindano.*

Angeishia hapo, kisa hiki kingekuwa kifupi. Lakini kazini kwao kuna utaratibu mmoja. Mizani ikitia shaka, unambadilisha mpimaji. Maana mara nyingine mizani haina kosa lolote, kosa limo kwa mtu anayeisimamia: anaegemea, anasoma kwa jicho la upande, ana haraka. Thelathini na nane ni ya Sindano, au ni ya mkono ulioishika? Hilo swali likamfuata Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na alipojua halimwachi akampigia binti yake.

"Nahitaji uruke mbele yetu. Wote wawili, mimi na shangazi yako. Lazima aruke mtu mmoja yule yule, la sivyo si kipimo."

"Alhamisi nina nusu saa ya chakula," binti akasema. "Ila nitakuwa juu ya jengo kwenye chumba cha mitambo, nina kompyuta mapajani na mkate mkono mmoja."

"Mkono mmoja unatosha. Ila usibadilishe mkono katikati."

Alhamisi adhuhuri Mama Mizani alirudi nyumbani mbio mbio, sanduku lake la mawe akaliweka chini ya meza. Msusi naye alitoka saluni akiacha mteja ameshasukwa nusu. "Nakuja sasa hivi, dada, usijitazame kwenye kioo," alimwambia. Binti akaruka, akitafuna. Mama akapiga mia zake kwanza, akiweka alama kwenye daftari kila risasi iliyopata, vijiti vinne na cha tano kikivikata. Kisha msusi akakaa. Mama akashika kalamu.

Ilikuwa ajabu kumtazama. Msusi hakuwa anamwinda adui, alikuwa anamfuata. Binti akipinda kushoto, mkono wa shangazi unapinda naye, mwepesi, kana kwamba umeshika unywele mmoja na hautaki ukatike. "Tulia, mwanangu," alikuwa akimbembeleza kwa sauti ile ile anayowabembelezea watoto kwenye kiti cha saluni, "tulia, karibu tunamaliza, shangazi hakuumizi." Na mwali wa buluu unachoma, unachoma, unachoma. Vijiti vikajaa ukurasa.

"Nimepata ngapi?" msusi akauliza akinyanyuka.

"Nitajumlisha."

"Unajumlisha nini, si ndiyo hiyo hapo?"

"Kuna taratibu, wifi."

"Mama, mimi nimeruka tu, sikuhesabu," binti akasema. "Nani zaidi?"

"Kuna taratibu, mwanangu. Maliza mkate wako."

Msusi akarudi kwa mteja wake wa nusu kichwa. Mama Mizani akajumlisha, haikumchukua hata dakika moja. Yeye: arobaini na moja. Wifi yake: sabini na moja.

Akalifunga daftari, akalitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Kumbuka viti vile vitatu. Mpiga mizinga na rubani hukaa bega kwa bega, wanatazama upande mmoja, wanasemeshana muda wote: kushoto, juu, sasa, subiri, mama umemwona yule. Jino na msimamizi na kijana asiyetajwa jina, yote yalipita hapo. Fundi yuko chini tumboni, anaona mabomba na taa nyekundu tu, na wenzake anawasikia kama mtu anavyosikia maongezi ya chumba cha pili. Akimpa wifi yake Sindano, atakuwa amempa na kile kiti. Asipompa, nani atajua? Hakuna aliyehesabu ila yeye. Na arobaini na moja si haba. Pengine itatosha.

Alijaribu kuishi na siri hiyo, na hakuwa na kipaji nayo. Ijumaa asubuhi aliweka sukari kwenye chai mara mbili. Mchana alikwenda duka la nafaka, akatoa mawe, akainua kidole, akasoma mshale. Mwenye duka akamsogelea akinong'ona.

"Mama, wateja wapo. Namba yangu nisomee kando."

"Tunasoma kwa sauti, baba," akajibu bila kuwaza, kama alivyokwisha kuwajibu wengine mia. "Namba ni ya wote waliopo."

Kisha akasimama pale kati ya magunia, mdomo wazi kidogo, mpaka mwenye duka akamwuliza kama anahitaji maji.

Jumamosi, saa nane kasoro dakika kumi, wote watatu walikuwa wamevaa hedifoni. "Haya," binti akasema. "Mzinga gani, nani wapi? Mama, daftari linasemaje?"

Mama Mizani alinyanyuka. Naam, alisimama kabisa, akafungua daftari mbele ya kifua, akasoma kwa ile sauti ya dukani.

"Mzinga: Sindano. Shabaha: chombo kimoja, rubani mmoja, mkate mmoja. Mpimaji wa kwanza, katika mia, arobaini na moja. Mpimaji wa pili, katika mia, sabini na moja."

Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa imezimwa, kila neno likasikika.

"Mpimaji wa pili ni nani?" binti akauliza taratibu.

"Ni huyu mwenye mafuta mikononi. Wifi, hamia hapa. Mimi nakwenda kwenye mabomba."

Msusi akamgeukia. "Sabini na moja," akasema. "Na umekaa nayo tangu Alhamisi."

"Nimekaa nayo."

"Ungeweza kula ule ukurasa."

"Nisingeweza. Una miraba, ungenikwama kooni. Hamia, muda unakwisha!"

Kuhusu pambano lenyewe, yatosha kusema lilikuwa la kelele. Msusi aliwabembeleza maadui mmoja mmoja kwa majina ya mapenzi na kuwachoma mmoja mmoja. Binti alipinda chombo kama mtu anayekwepa matone ya mvua. Chini tumboni, ambako hakuna anayeona nyota, Mama Mizani aligundua jambo ambalo hakulitarajia: hapa palikuwa mahali pake. Bomba likipasuka aliliziba, akasoma kipimo, akarudia kukisoma. Taa kumi nyekundu zikiwaka pamoja hakupiga kelele; alizichukua kwa zamu, nzito kwanza.

"Mama, nahitaji umeme!"

"Unao asilimia sitini."

"Nipe sabini!"

"Nikikupa sabini mwali wa shangazi yako unapiga chafya. Sitini na nne."

"Basi sitini na nne!"

"Tulia, kipenzi," msusi alikuwa anamwambia adui wa mwisho, "geuka hivi kidogo, nimalizie nyuma ya sikio..."

Na mwali ukachoma. Kioo chote kikawa cheupe. Chombo chao kilikuwa kimebakiwa na asilimia tatu ya ubavu wake, lakini kilikuwa kinaelea, na vya wenzao havipo.

Fundi viatu akachungulia kwa mazoea. "Mmekufa tena?"

"Leo wamekufa wao!" wakapiga kelele wote wawili, na kutoka kwenye hedifoni mbili binti naye akasikika akipiga kelele katika mji wa mbali, mpaka jirani yake wa huko akagonga ukuta. Msusi alimkumbatia wifi yake akamwachia alama mbili za mafuta mgongoni mwa blauzi.

"Nabaki, mama," binti akasema baadaye, pumzi zikiwa zimerudi. "Wale nimeshawaandikia. Na yule kijana... nitawaambieni Jumamosi. Wote wawili. Chini tumboni unasikia vizuri?"

"Nasikia kila kitu," mama akasema. Na ni kweli. Hedifoni hazijui nani amekaa wapi.

Sasa ni wiki mbili baadaye, Alhamisi adhuhuri. Msusi ana wateja wanne, hana nafasi. Mama Mizani, kwa kuwa mkono ukishaanza kujifunza kitu ni vigumu kuuzuia, amekuwa akifanya mazoezi ya Sindano kila siku akitoka kazini, peke yake, akiusikilizia mkono kama alivyoona wifi yake anafanya. Leo amemwomba binti aruke tena mbele yake, mkate mkono mmoja, mkono ule ule. Risasi mia. Vijiti vinne na cha tano. Amejumlisha mara mbili.

Sabini na mbili.

Tofauti ya kistari kimoja cha mizani, kazini kwake, haiitwi hata kosa. Mizani ikizidi nyingine kwa kiasi hicho, mkaguzi huziandika zote mbili kuwa sawa, akafunga sanduku akaenda zake. Lakini kuandika sawa nako ni kuandika, na kilichoandikwa husomwa kwa sauti.

"Mama?" binti anauliza, akikung'uta makombo. "Umepata ngapi?"

Na kutoka chumba cha mbele, juu ya mvumo wa mashine ya kukaushia nywele, sauti ya wifi inasikika ikimwambia mteja mpya, kwa mara ya tisa wiki hii: "Mimi? Mimi ndiye mpiga mizinga. Uliza nyumba nzima."

Kalamu iko mkononi. Ungekuwa wewe umekaa pale, ungemjibu nini mtoto?